Dkt. Rachael Nanyama Kitavi na Watoto Aliowaondoa Kwenye Hesabu

Dkt. Rachael Nanyama Kitavi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kimilili, kifungua mimba wa mzee Tobias Wafula na mama Rodah. Wasifu huu unasomwa na Lornah, mdogo wake wa pekee. Marehemu aliuandika nusu yeye mwenyewe, akaagiza usomwe bila kupunguzwa hata neno.

Alianza shule mwaka 1978. Nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja. Rachael alikishika, Lornah akaketi mbele yake, hivyo yule mdogo akajua kusoma maandishi yakiwa yamepinduka. Baba alipomsifu Lornah mbele ya wageni, Rachael alikificha kitabu ndani ya gunia la mahindi wiki mbili nzima. Wote wawili walifika sekondari, lakini mama alipopooza mwaka 1989, Lornah ndiye aliyeacha kidato cha pili ili amuuguze. Rachael aliendelea, akasomea uchumi Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya uzamifu mwaka 2004.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bw. Haron Kitavi. Walikaa Loresho, mtaa wa wenye nacho Nairobi, wakajaliwa mwana mmoja, Maxwell. Lornah alikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Waiyaki Way, katika mtaa wa kimaskini wa Kangemi, akishona sare za shule.

Marehemu alikuwa mtafiti katika taasisi moja katikati ya jiji, akichunguza ni nini humfanya mtoto mmoja afaulu na mwenzake wa darasa lile lile aanguke. Mwaka 2014 swali hilo liliingia kwake nyumbani. Maxwell, mwenye walimu wa ziada watatu na chumba kizima cha vitabu, alipata alama 231 kati ya 500 katika mtihani wa darasa la nane. Joyline, bintiye Lornah, alipata 409. Rachael alituma pongezi kwa simu, kisha akakaa miezi saba bila kukanyaga Kangemi.

Alirudi kikazi mwaka 2016, akapima wanafunzi 640. Thelathini na mmoja walikuwa wamewaacha wenzao mbali. Alipofuatilia, alikuta wote hukutana jioni kwenye kibanda cha Lornah, wakisomeana kwa zamu huku yeye akishona, na anayekwama husubiriwa mpaka aelewe. Rachael aliwaondoa wote kwenye hesabu, akaandika kwamba takwimu zao zina kasoro. Ripoti ikasema kinachohitajika ni vitabu zaidi, naye akapewa tuzo. Lornah alipowaomba wafadhili chumba kimoja tu cha kusomeshea, alijibiwa kwamba hakuna ushahidi.

Agosti 2023 Rachael aligunduliwa kuwa na saratani. Lornah alivuka barabara kila siku kumwogesha na kumlisha. Januari iliyofuata, akinyweshwa uji, Rachael alisema, "Lornah, wale watoto wako niliwatoa kwa utafiti. Nilijua ni kazi yako."

"Na barua yangu ya chumba? Ulijua wamenikatalia?"

"Nilijua."

"Kwa nini, dada?"

"Wivu. Mimi na digrii tatu, wewe na cherehani."

Lornah aliweka bakuli chini, akaondoka. Rachael alimwita mwenzake wa kazi, Bi. Kavata, wakaanza kuzipanga upya takwimu pale pale kitandani. Siku ya ishirini Lornah alisimama mlangoni. "Sijakusamehe," alisema. "Lakini Haron hajui kukuogesha."

Ripoti mpya ilitoka Oktoba 2024, jina la Lornah likitangulia. Tuzo ilirudishwa. Chumba kilifunguliwa Februari 2025.

Marehemu alifariki nyumbani Loresho Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, Lornah akiwa amemshika mkono. Msamaha ulikuwa umefika kitambo, ingawa haukutangazwa. Na Lornah naye anakiri mbele yenu: alimwonea dada yake wivu tangu siku alipovua sare ya kidato cha pili. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na takwimu za kuficha.

Ameacha mume, Haron, mwana, Maxwell, dada, Lornah, na mpwa, Joyline. Mwenyezi Mungu amlaze pema, kwa amani.