Meza za Jikoni za Bi. Eulalia Treviño

Tarehe 30 Mei, Bi. Eulalia Treviño anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa moja: kuwaandaa kwa shahada ya uzamivu vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu.

Alianzia katika chumba kilichokuwa stoo ya viti. Leo wahitimu wake wanafundisha kuanzia hapa bondeni, kusini mwa Texas, hadi mpakani mwa Kanada.

Alikuwa na sharti lake. Kabla hujaueleza utafiti wako mbele ya maprofesa, ulipaswa kuueleza jikoni kwenu, wazazi wakiuliza maswali. Marehemu mume wangu, Chema, aliyekuwa dereva wetu, alimpeleka kwenye majiko mengi, walikokaribishwa tamale, unga wa mahindi uliojazwa nyama, na hakuacha kumtania: "Mwalimu, wewe hufuati elimu, unafuata tamale." Naye alikuwa akimjibu, "Vyote viwili, Chema. Endesha."

Ijumaa ya mwanafunzi wake Nereida Longoria hatuisahau. Chuo kimoja cha kaskazini kilimwita kwenye usaili wa uzamivu, kikaahidi kumlipia ndege na hoteli. Jibu lilitakiwa kabla ya jioni ile, naye alikuwa bado hajajibu. Baba yake, Don Baldemar, mfungashaji wa vitunguu, alimkataza: "Mtu asiyekujua akulipie ndege? Huyo tapeli, mwanangu."

Bi. Eulalia alipopata habari alikwenda kwao moja kwa moja. Akampigia profesa aliyemwalika, akaiweka simu mezani, Nereida akawa mkalimani kati ya Kiingereza cha profesa na Kihispania cha baba yake.

"Aseme binti yangu anasoma nini," akasema mzee. "Tapeli hatajua."

Profesa akaeleza habari za chumvi kwenye udongo wa mashamba. Akausifu utafiti, kisha akaanza kulilalamikia jedwali la ukurasa wa nne, na hakunyamaza upesi.

Don Baldemar akacheka. "Tapeli gani huyu anayelalamikia jedwali? Mjibu, mwanangu, jua linazama."

Nereida akajibu, akaenda, akapokelewa. Mwezi huu amevishwa joho: ni Dakta Longoria. Na siku hizi mzazi akiuogopa mwaliko, Don Baldemar ndiye anayebisha hodi kwake, anavuta kiti na kusema, "Hata mimi nilisema ni matapeli. Tuwapigie."

Asante, Bi. Eulalia. Mungu akujalie afya, na miaka mingi ya kualikwa na madaktari wako kwenye harusi zao na ubatizo wa watoto wao.