Mshauri Aliyepanda Gari la Nachingwea

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nyuma ya stendi ya Ruangwa, pale mzee Huzaifa anapouza kahawa na kashata. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu. Twaha tunamwita Mkurugenzi, maana ana mashine ya kusaga na ana tumbo. Selestini, fundi cherehani, ni Redio; habari hazimpiti. Mimi Ashraf, fundi seremala, naitwa Randa. Jana yake tulikuwa ukumbini kusikiliza matokeo. Kwa miaka miwili serikali ilimlipa kijana mmoja, Modest, azunguke kuwashauri wafanyabiashara wadogo bure. Arobaini majina yetu yalitoka kwenye kura ya bahati, tukashauriwa. Arobaini wengine, kuanzia hapa mjini mpaka Nandagala, hawakushauriwa. Sasa tumepimwa wote, na imeonekana sisi hatukuwazidi wenzetu kwa lolote. Mradi umefungwa. Na muda huo Modest alikuwa anapita mbele yetu na begi lake, anaenda kupanda gari la kwao Nachingwea.

— Shikamooni wazee, alisema.

— Marahaba, tukaitikia, macho kwenye vikombe.

Gari lilipoondoka ndipo midomo ikafunguka.

— Mimi nilisema toka mwanzo, Twaha alianza. Biashara ni kama mkorosho. Mkorosho hauhubiriwi, unapigwa dawa ya salfa.

— Kweli kabisa, Mkurugenzi, Selestini akadakia. Halafu dogo mwenyewe hana hata genge la nyanya!

— Wahenga walisema, Twaha akaendelea, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikumsikia, na guu langu hili hapa, zima!

Tukacheka. Mzee Huzaifa peke yake hakucheka. Aliendelea kupepea mkaa wake.

— Tatizo ni huku kupimwa, nikasema, nisije nikaonekana sina hoja. Mtoto akipimwapimwa sana si hudumaa?

— Aisee Randa, umegonga! Selestini akasimama kabisa. Yule dada mpimaji, Sabaha, alikuja na kishikwambi chake, akaandika cherehani, akaandika mpaka upana wa mlango. Toka siku ile sindano zinakatika tu. Kile kishikwambi kinavuta nyota ya mtu, kinaipeleka Dodoma!

— Ndiyo maana Dodoma inakua, akasema Twaha.

Hapo ikaja pikipiki yenye madumu ya maziwa huku na huku. Aliyeshuka aliitwa Shija, mfugaji wa Mandawa. Familia yao ilihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga miaka mitatu iliyopita, na sitaficha, pale kijiweni tumeshawasema vibaya watu hao mara nyingi. Akasalimia mmoja mmoja, akakaa mwisho wa benchi.

— Namtafuta mshauri, wazee wangu. Maziwa yangu yananiharibikia njiani kabla sijafika sokoni. Kwenye kura sikutoka, ila nimeambiwa kuna kijana anayajua mambo hayo.

— Umechelewa, kaka, Selestini akamwambia. Kaondoka sasa hivi. Wala hujakosa kitu. Ushauri wake haufanyi kazi, wamepima.

— Aliwashauri nini?

— Mambo mengi, akasema Twaha. Masoko. Ubora. Mambo ya wateja.

— Nipe moja tu, mzee. Moja mlilolifanya, likashindikana.

Twaha akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Selestini. Selestini akawa anachungulia kikombe ambacho hakikuwa na kahawa.

La kwangu nililikumbuka vizuri. Modest alisimama karakanani akigonga mbao zangu kwa kidole. "Mzee Randa, hizi bado mbichi. Ndiyo maana milango yako inapinda, wateja wanakuja kugomba. Zikaushe kwanza kivulini, miezi mitatu tu." Alirudi mara sita. Nikamwitikia ndiyo mara sita. Sikukausha hata ubao mmoja.

— Mimi aliniambia nikaushe mbao, nikasema. Sikukausha.

— Na yule binti wa kishikwambi ulimwambiaje? Mzee Huzaifa aliuliza, ingawa alijua. Sabaha alinihoji palepale, mbele ya birika lake.

— Nilimwambia nimefuata yote.

Mtu mzima unaanzaje kumwambia binti mdogo kwamba umefundishwa bure miaka miwili, na hukufanya chochote?

— Hata mimi nilisema yote, sauti ya Selestini ikashuka. Aliniambia nikimpa mteja tarehe, niitimize. Mpaka leo nawaambia njoo kesho.

Twaha alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

— Kwa hiyo, Shija alisema taratibu, wao wameandika nyie mlifuata, na hamkukua. Kijana wa watu kakosa kazi kwa ajili hiyo?

Hakusuta. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikatoa simu, nikampigia Modest. Akapokea palepale, nikasikia ngurumo ya gari na kuku wa abiria.

— Mzee Randa! Mlango umepinda tena?

Nilitaka kukiri ya mbao, nikaanza na ya Shija.

— Kuna mtu hapa ana shida ya maziwa, nikasema, nikampa Shija simu.

Sikujua kama mtu aliyeachishwa kazi jana anaweza kuongea kwa upole vile. Ilichukua kama robo saa. Shija alikuwa akirudia kila neno ili asisahau.

— Eeh. Nichemshe kwanza. Eeh, nipoze ndipo nifunike. Haya madumu ya mafuta ya kula niyaache kabisa, hayasafishiki. Nitafute chombo cha mdomo mpana. Nitoke Mandawa kabla jua halijawaka. Ahsante sana, ndugu yangu.

Kijiwe kizima kilikuwa kinamsikiliza Modest kwa mara ya kwanza. Shija akanirudishia simu.

— Modest, nikasema, zile mbao. Nilimdanganya Sabaha.

— Najua, mzee wangu. Mbao nilikuwa naziona.

— Mbona hukuwaambia?

— Niseme mzee wangu ni mwongo? Nilidhani utasema mwenyewe jana. Walipouliza kama kuna mwenye neno, nilikutazama.

Ni kweli alinitazama. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Nikamwomba namba ya Sabaha, akanitumia. Nikapiga, nikajitaja jina, na nikamwambia yale majibu yangu hayakuwa ya kweli.

— Ripoti imeshaondoka, mzee, Sabaha akasema. Lakini sema. Naandika.

Nikasimama, nikaanza na mbao. Selestini akasogea ubavuni kwangu akingoja zamu yake, jasho linamtoka kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nilipogeuka kumtafuta Twaha, alikuwa keshaondoka.