Mtu wa Chini ya Ngazi

Kosa lake, Nashon alikuwa ameshamwambia Mungu, kanisani, amepiga magoti. Kumwambia Lazarus ndiko kulikomshinda. Jumatatu alimnong'oneza nyapara wa mjengo kwamba Lazarus, aliyesimama chini ya ngazi akiwaimbia wenzake wanaopokezana karai za simiti kwenda juu, anafanya kazi kwa mdomo tu. Lazarus akafukuzwa siku hiyo hiyo. Leo Alhamisi karai nne zimeanguka, na nyapara kaapa: kesho ni kumwaga zege la dari, ikianguka hata moja gengi zima la vibarua liende nyumbani. Sasa gengi limejaa kwenye benchi la Idarus, muuza kahawa wa River Road, linatafuta mchawi.

— Zamani karai ilipanda yenyewe! alisema Sifuna, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mkono ukifika, karai nayo imefika. Hata kufikiri hufikiri!

— Wewe ulifikiri lini? akadakia Gerishon.

— Ni uji, bwana, alisema Redio. Siku hizi Mama Wanjira anayetupikia anakoroga maji.

— Uji gani! alisema Gerishon. Ni hiyo buti yako ya jeshi. Sisi wote pekupeku, wewe peke yako umejifunga ngozi. Ardhi ikituhesabu inakosa mtu mmoja.

— Na ile ndege ya uwanja wa Eastleigh je? akauliza Redio. Inapita saa nne kamili, inavuta pumzi zetu zote upande mmoja!

— Mabwana, alisema Idarus akigonganisha vikombe, mimi namimina peke yangu na simwagi. Labda hamnywi ya kutosha.

Wakacheka, isipokuwa Nashon. Yeye alielewa tangu Jumanne. Lazarus alikuwa akitazama mabega. Bega la mtu likilegea, anaupunguza wimbo kasi kidogo, wote wanapunguza mwendo, na hakuna anayejua aliyengojewa ni nani. Mara nyingi aliyengojewa ni Nashon.

Hapo Lazarus mwenyewe akatokea, miguu imejaa vumbi la Riruta, alikotoka kutafuta kibarua. Hakukaa.

— Hamjambo, ndugu zangu. Nauliza jambo moja tu. Nani alimwambia nyapara kwamba mimi sifanyi kazi?

Redio ikazimika. Gerishon akaikagua upya ile buti.

— Ni mimi, alisema Nashon. Nilichoka, nikaona wewe huchoki, nikakuonea wivu. Mungu nimemwambia. Wewe sikukuambia.

Lazarus akamtazama mabega, vile vile alivyokuwa akifanya pale chini ya ngazi.

— Kesho saa kumi na mbili asubuhi naenda kumwambia nyapara kwamba nilisema uongo, alisema Nashon. Tafadhali, Lazarus, twende pamoja.