Vijiti vya Herieth Kijiweni Pito

Upepo wa Ufipa asubuhi hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya sweta. Ndiyo maana benchi la Mzee Zenon pale Pito halikosi watu. Zenon huchemsha kahawa ya tangawizi, na kwa kuwa habari hazimwishii, wanamwita Redio. Pembeni yake hukaa Sayi mfugaji, aitwaye VAR kama ile video ya marudio ya waamuzi wa mpira, maana hakubali jambo mpaka lirudiwe. Herieth, binti wa hapohapo, alikuwa amerudi kutoka chuo na sapu, mtihani wa marudio wa hisabati. Akifeli tena Jumamosi, anadisko, chuo ndiyo basi, na hofu ilimnyima hata hamu ya kula. Akajiambia, hawa wawili wakielewa mada iliyonifelisha, hata msahihishaji ataelewa. Akatundika kwenye msumari wa nguzo vijiti viwili vilivyoungwa kwa bolti, kimoja kikining'inia chini ya mwenzake.

— Kaka Sayi, inua vijiti mpaka kwenye alama hii ya mkaa nguzoni, uachie.

Sayi akaachia. Kijiti cha chini kikapiga sarakasi, kikazunguka kulia.

— Na wewe Mzee Zenon. Hapohapo.

Zenon naye akaachia. Mwanzo vilikwenda kama alipoachia Sayi. Ghafla cha chini kikageuka, kikazunguka kushoto.

— Faulo! — Sayi akadakia. — Redio kasukuma!

— Nisukume kwa nguvu gani? Ni upepo huo.

— Upepo wapi! Lori limepita, nguzo imetikisika.

— Basi ni dume lako la ng'ombe kule Milepa, limepiga kwato.

— Dume langu saa hizi limelala!

— Basi limekoroma.

Herieth akapiga makofi.

— Ndiyo hiyo! Mikono yenu imepishana kwa unywele tu. Tofauti hiyo inakua, inakua, mpaka vijiti vinaachana njia. Kanuni ni ileile, wala si bahati nasibu.

— Kwa hiyo unajua vitakapofikia? — Sayi akauliza.

— Hatua za mwanzo tu. Mbele zaidi siwezi, maana hakuna anayepima mwanzo bila kukosea hata chembe.

— Kumbe hata timu yetu kufungwa jana ni mkoromo wa dume la Sayi! — Zenon akasema.

— Mechi irudiwe!

Walikuwa bado wanacheka wakati Bertilla, shangazi yake Herieth, alipofika na ungo wa ulezi kichwani.

— Shikamoo shangazi. Wameelewa wote!

— Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo Jumamosi unafaulu?

Redio akachungulia kikombe chake. VAR akavikodolea macho vijiti. Herieth alihisi ile hofu ikirudi, kisha akakumbuka jibu alilompa Sayi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Zenon akainamisha birika. Yalitoka machicha ya kahawa tu. Hakuna aliyenyanyuka.

— Rudisha kwenye alama, mdogo wangu, — Sayi akasema. — Tuelezee tena.