Anatory Kamugisha, Aliyefunga Miti ya Watu Kabla ya Baridi

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika katika ukumbi huu hapa Guangzhou leo, Jumamosi tarehe 17 Novemba 2007, wengine mkiwa mmefunga maduka Shahe, wengine mkiwa mmekosa vipindi chuoni, familia imemtuma mdogo wa marehemu, Rodgers, asome maisha ya Anatory Kamugisha, na mjane wake, Odilia, ameomba yasomwe yote, hata yale ambayo kwenye misiba watu huyapitia juu juu.

Anatory alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kamachumu, katika mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi na sasa ni Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Laurian na Mama Yustina, na tangu utotoni alikuwa mbishi, mtoto wa kung'oa mche wa baba yake akaupande mahali alipoona yeye panafaa, akachapwa, na kesho yake akaung'oa tena. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kamachumu kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari Ihungo, kisha akasomea kilimo cha bustani Morogoro, akahitimu mwaka 1993 na kuajiriwa katika ofisi ya kilimo Muleba.

Tarehe 30 Desemba 1995 alifunga ndoa mjini Bukoba na Odilia, ambaye wakati huo alikuwa akiuza vitenge sokoni, na ambaye mpaka leo husema kwamba alimpenda kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyekuja dukani akakiri kuwa hajui kuchagua. Tarehe 9 Agosti 1997 walijaliwa binti yao mmoja, Nelly, anayelelewa na bibi yake, na ambaye Jumatatu iliyopita aliambiwa habari hizi na mama yake kwa simu, jambo ambalo hakuna mtu katika ukumbi huu angetamani kulifanya.

Mwezi uliofuata, Septemba 1997, mtoto akiwa mchanga, Anatory alipata ufadhili wa kwenda Harbin, kaskazini kabisa mwa China, kusomea upambaji wa bustani za makazi, na huko ndiko alikofanya kosa aliloliishi maisha yake yote. Mwaka 1999 familia moja ilimpa kazi ya kupanda misonobari kuzunguka nyumba yao, naye akaona mvua ya Oktoba inanyesha, akafanya kama ambavyo mtu yeyote wa Kamachumu angefanya mvua za vuli zikishuka, akapanda yote siku tatu, miti thelathini na sita, na kabla mizizi haijashika, ardhi ikaganda, ikavimba, ikaisukuma miti juu, na Aprili akaikuta imelala yote imekauka. Mwenye nyumba hakumfukuza, alimpa jembe aanze upya, na Anatory alituambia kwamba afadhali angetukanwa.

Tangu hapo, kila aliyetaka kumwajiri alisimuliwa kwanza habari za miti thelathini na sita, kisha akafundishwa maswali ya kumuuliza mtunza bustani yeyote kabla ya kukubaliana naye, kwamba ardhi yako inaganda hadi kina gani, theluji ya njiani itarundikwa wapi isije ikavunja mawaridi, na nani atakuja kuifunga miti kwa mabua kabla baridi haijakaza. Kwa swali la mwisho jibu lake lilikuwa moja, kwamba atakuja mwenyewe, hatatuma mtu, na wenye nyumba wakampenda kwa hilo, na Odilia, tusifiche, akalichukia.

Odilia alimfuata China mwaka 2002, wakapanga chumba Sanyuanli, yeye akawa ananunua nguo Shahe na kusafirisha nyumbani, mume akawa mkalimani wa wafanyabiashara wetu kwenye maonyesho ya Pazhou, huku akipanda treni kwenda kaskazini kila majira yalipodai. Kichina cha Odilia kilikuwa cha sokoni, cha bei, cha kukataa na cha kumwita laoban mwenye duka, lakini kusoma hakuweza, kwa hiyo mkataba wa nyumba, barua, maelezo ya dawa, kila karatasi iliyoingia chumbani alisomewa na mumewe, na kwa miaka mitano hakuwahi kumsomea uongo. Aprili mwaka huu, palepale Pazhou, Anatory alipatana na Bwana Guan, mzaliwa wa Harbin mwenye duka la makoti Shahe, akapanda bustani ya mitufaa na mawaridi kwa ajili ya mama yake bwana huyo, bibi wa miaka themanini na mmoja.

Mwezi Oktoba alianza kupata homa na maumivu ya ubavu wa kulia, na Jumatatu tarehe 22 akaenda hospitali peke yake, akarudi na karatasi, Odilia akamuuliza, "Wamesemaje?" naye akaishika karatasi mbele ya taa na kumsomea, "Uchovu tu, nile vizuri, nirudi kupimwa baada ya wiki mbili." Kesho yake akasafiri kwenda Harbin kuifunga mitufaa ya bibi kwa mabua ya mpunga, na aliyempangia nguo sandukuni ni Odilia. Alirudi tarehe 4 Novemba akiwa hawezi kupanda ngazi, akalazwa usiku uleule, na Jumapili tarehe 11 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia kwa jipu la ini lililopasuka na kueneza sumu katika damu.

Siku ya pili ya msiba, Kuluthumu, binti yetu wa Tanga anayesomea udaktari hapa, aliombwa kukusanya vyeti, akaikuta karatasi ile, akaisoma mara mbili na kukaa chini, akasema, "Mama Nelly, hapa wameandika alazwe leo leo." Rasimu ya kwanza ya historia hii ilisema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na Odilia akachukua kalamu akaikata sentensi hiyo, kwa sababu wiki nzima amesikia minong'ono kwamba alimwachia mgonjwa asafiri, na wengine wamemnyooshea kidole Bwana Guan, aliyepo hapa, ambaye hakujua lolote. Alijua Anatory peke yake, na akachagua miti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku saba, majirani wa Sanyuanli waliopika na kulala na mjane, wafanyabiashara wa Shahe na wanafunzi waliohangaikia vibali vya kumsafirisha, na Bwana Guan, ambaye ameketi na sisi tangu Jumatatu.

Anatory, ndugu yetu, mkeo amekukasirikia na amesema tukuambie hivyo mbele ya watu, kwamba ungemsomea karatasi ile kama ilivyoandikwa, angekulaza hospitali asubuhi, na jioni angepanda treni yeye mwenyewe, na Kichina chake cha sokoni, akaifunge miti ile mmoja mmoja mpaka iishe. Sasa nenda ukapumzike, na amani iwe kwako.