Mkeka wa Kona ya Kutulia

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule, Mwalimu Mkuu, wazazi wetu,

KARIBU TENA
Sisi walimu na watoto wa darasa la awali tunakukaribisha kwa mikono miwili. Safari iliyopita ulituahidi saa tatu ukafika saa sita. Leo umefika saa nne. Humu tunasifu kila hatua, hata ikiwa ndogo, kwa hiyo hongera sana.

TULIKOTOKA
Tuliambiwa samaki mkunje angali mbichi, nasi tukakunja kwa fimbo na makelele. "Usikimbie, usimwage, usiguse." Watoto wakatuzoea kama redio ya jirani. Sasa tunasema "tembea polepole", na anayetembea tunamsifu papo hapo. Aliyepandwa na hasira hafukuzwi. Mwenzake humshika mkono akampeleka kwenye mkeka wa kona, akae apumue mpaka atulie.

MAFANIKIO
Binti wa fundi viatu alikuja hapa akiuma wenzake, na mwalimu mkuu msaidizi naye hakusalimika. Wakambatiza Meno. Hii ni wiki ya saba hajamgusa mtu. Akihisi hasira inapanda, anakwenda mkekani mwenyewe. Ndiye aliyekushika mkono siku ile ulipotufokea kwa sababu ya kelele za watoto, akakwambia, "Babu, njoo ukae kidogo." Nawe ukakaa, mgeni rasmi. Dakika kumi nzima, na viatu ulivua. Ulitoka unatabasamu, tukakuonea fahari.

CHANGAMOTO
Barua ya ofisi yako inataka kona iwe stoo ya viti vibovu kufikia Ijumaa. Na kamati ya wazazi imeshatamka kwamba binti huyu akiuma tena, arudi kwao. Mkeka ukiondoka tunaogopa, na hatuoni haya kusema hivyo.

OMBI
Mtoto mbishi hatumwamuru. Tunampa mambo mawili achague, na yote mawili yawe yanatufaa sisi. Basi nawe chagua: kona ibaki ilipo, au ibaki ilipo na utuongezee mkeka wa pili.

Jana tulipowasimulia watoto habari ya barua, binti wa fundi viatu hakulia wala hakuuma. Aliuliza tu, "Sasa yule babu akikasirika tena, atakaa wapi?"

Tukamwambia akuulize mwenyewe. Yuko safu ya mbele, anakusubiri umjibu.

Mungu akujalie afya, safari njema na pumzi ndefu.

Ni sisi wako,
Walimu na watoto wa darasa la awali.