Koti Lako Liko Mlangoni: Maisha ya Barkev Semerjian

Kaka yetu Barkev Mihran Semerjian, ambaye tumemsindikiza leo hadi hapa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika mtaa wa Nor Marash, Bourj Hammoud. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mihran, fundi viatu, na marehemu Yeghsapet. Baada yake alizaliwa Nerses, na mwisho mimi, Maritsa, ninayewasomea.

Alisoma shule ya kanisa mtaani kwetu hadi mwaka 1964. Hesabu zilimshinda, lakini mwalimu wa kwaya alimwazima akodioni kila Jumamosi, naye akaipigia kibarazani pa karakana ya baba. Baba alilalamika kwamba wateja wakija kuchukua viatu hawaondoki tena. Hata hivyo, hakumkataza.

Alipomaliza shule, mchana alikata ngozi pamoja na baba, na jioni alipiga muziki harusini. Nerses alikuwa mpiga ngoma wake. Hawakufanana kwa lolote. Barkev alipopiga uso ulikunjamana, na Nerses alikuwa akimtania mbele ya maharusi, "Kaka, tabasamu kidogo. Hawa wamekuja kuoana, hawajaja kuzika."

Tarehe 6 Machi 1976 mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yalikuwa yametulia, na vyombo vya bendi vilikuwa vimekwama katika ukumbi mmoja upande wa pili wa mji. Zamu ya kwenda kuvichukua ilikuwa ya Barkev, ila aliamka na homa. Nerses akamwambia, "Lala wewe, naenda mimi. Ila hiyo supu ya mama usiimalize." Jua lilikuwa limewaka, akatoka na shati tu. Hakurudi. Baba alimtafuta hospitali kwa hospitali na kizuizi cha barabarani kwa kizuizi, hadi moyo wake ukasimama mwaka uliofuata. Mama hakuruhusu mtu aliguse koti la Nerses lililokuwa limetundikwa mlangoni, na kila mlo aliweka sahani yake mezani.

Humo ndimo ulimotoka ule wimbo mnaoujua nyote. Marehemu aliutunga kwa lugha yetu na kuurekodi mwaka 1979. Haukutaja jina wala vita. Mtu anamwambia mwenzake kwamba baridi imeingia, naye ametoka bila koti. Watu wakaamini ni wimbo wa mapenzi. Kaseti zilifika Aleppo, zikafika Yerevan, zikavuka bahari, na huku kwetu ukawa wimbo ambao maharusi wanaomba wacheze wakiwa wawili peke yao. Marehemu aliwapigia, akitazama pembeni.

Mama aliusikia kwa mara ya kwanza kutoka redio ya muuza mboga chini ya dirisha letu. Barkev alipoingia, alimkuta amesimama.

"Ni wewe unayeimba pale?"

"Ni mimi, mama."

"Ubeti wa tatu unasema sahani yake haitawekwa tena."

"Mama, ni wimbo tu."

"Nani amekupa ruhusa ya kuondoa sahani ya mwenzako?"

Kuanzia siku hiyo mama aliendelea kumpikia na kumfulia, lakini hakuketi naye mezani. Akimaliza kupakua, alikwenda kula jikoni. Marehemu aliufuta ubeti wa tatu, akaurekodi wimbo upya bila huo na hakuuimba tena popote, ndiyo maana kwa miaka mingi wengi wenu mlijua beti mbili tu. Haikusaidia. Mama aliendelea kula jikoni.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Arshaluys, mshonaji wa magauni ya harusi. Wasichana wengi walimpenda kwa ajili ya wimbo. Arshaluys alimwambia siku ya kwanza, "Wimbo wako unanitia baridi. Huna mwingine?" Barkev alirudi nyumbani akicheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa muda mrefu. Walipopata mtoto wa kiume, alitaka kumwita Nerses. Mama alikataa. "Jina hilo lina mwenyewe," alisema. Mtoto akaitwa Vahram.

Vita vilipokwisha, mama alianza kwenda bustani ya katikati ya mji, ambako kina mama wa waliopotea walikaa na picha za watoto wao. Palikuwa na watu wa kila dini na kila upande. Siku moja ya mwaka 1996 wanawake wale waliuimba wimbo wa Barkev kwa Kiarabu. Walioanza hawakumjua mtunzi. Walipomaliza beti mbili hawakunyamaza. Walikuwa na ubeti wao wa tatu, wa kwamba sahani ipo, chakula kimefunikwa, na wewe usiharakishe njiani. Mama alimuuliza mwenzake aliyeketi karibu, Umm Sabri, yaani mama yake Sabri, nani aliyeutunga ubeti huo. Umm Sabri akamwambia, "Sisi wenyewe, dada. Tuliona wimbo umeishia njiani, tukaumalizia."

Jioni ile mama alipakua chakula, akavuta kiti, akaketi mbele ya Barkev.

"Wenzangu wa bustanini wamekurekebishia wimbo," alisema. "Kula, kinapoa."

Nilikuwepo. Kaka alishika kijiko, akala. Tangu hapo aliuimba na beti zote tatu, na kila mara alisema kabla ya kuanza kwamba ule wa mwisho si wake. Mama alifariki mwaka 2003, akiwa bado anangoja.

Mapafu ya marehemu yaliharibiwa na gundi ya viatu na sigara. Alilazwa Novemba 2018. Muuguzi mmoja, binti kijana, alikuwa akiuimba wimbo huo kwa sauti ya chini huku akitandika kitanda, akamuuliza, "Ami, unaujua huu?" Akajibu, "Nimewahi kuusikia." Binti akasema, "Mama yangu anasema ni wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake." Marehemu akamwambia, "Mama yako hajakosea." Arshaluys alipomuuliza kwa nini hakumweleza, alisema binti yule bado mdogo, amwache. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2019, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, Arshaluys, watoto wawili, Vahram wa Marseille na Lusaper wa hapa Bourj Hammoud, wajukuu watatu, na dada mmoja, ambaye ni mimi. Jana kasisi aliniuliza Nerses nimwandike wapi, kwa waliotangulia au kwa waliobaki. Nilimwambia sijui, na hadi leo asubuhi nilikuwa sijui. Nimemwandika hapa: ameacha mdogo wake, Nerses.

Kaka Barkev, pumzika sasa. Zamu yako imekwisha.